Malezi ya Vijana: Kosa la Ulimi si Aibu

 Katika ukurasa wetu wa mwezi huu tumependa kuzungumza na wazazi wenye watoto wa umri wa miaka 13 mpaka 18, na vijana wenyewe, juu ya jambo linalowatoa wengi katika vyuo vyetu kimya kimya, bila ya ugomvi wala kufukuzwa. Jambo lenyewe ni kuona haya mbele ya lugha ngeni.

Sisi tunaosomesha hapa Ruanda, katika milima ya Mbinga, na ndugu zetu walio ukingoni mwa Ziwa Nyasa, kule Mbamba Bay na Liuli, twaliona jambo hili kila mwaka. Mtoto wa miaka 7 huja chuoni akapaza sauti kwa alifu na bee pamoja na wenzake, wala hajali akikosea. Afikapo miaka 14, mtoto yule yule hukaa nyuma ya wenziwe, huinamisha kichwa juu ya juzuu, na midomo yake hucheza bila ya sauti. Haipiti miezi mingi, haonekani tena. Ukimwuliza mzazi wake utaambiwa kwamba masomo ya sekondari yamemzidi. Ukimwuliza mwenyewe, hakwambii neno.

Watu husema, "Huyu mzito, lugha haziingii." Nasi twasema, ndugu wasomaji, hebu tumpime kwa haki. Kijana huyu nyumbani husema Kimatengo au Kinyasa. Shuleni na sokoni husema Kiswahili. Akiwa wa ziwani, huenda ameokota na Kinyanja ufukweni, kwa wachuuzi wa usipa na watu wa ng'ambo ya Malawi, bila ya mwalimu wala daftari. Mwenye ndimi mbili au tatu kabla ya kuota ndevu, atakuwaje mzito wa lugha? Basi kilichomfunga si akili. Kule ufukweni alisema kwa kuwa alikuwa na haja ya kusema, na hapana aliyemcheka. Chuoni na darasani amekosa yote mawili.

Tena tuangalie mzigo aliotwikwa. Katika nchi yetu, tangu mwaka 1967, Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Mtoto husoma hesabu, jiografia na sayansi kwa lugha aijuayo, halafu akiingia kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Bwana Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiendelee mpaka sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Kwa hiyo kijana wetu siku tano za juma huogopa kukosea Kiingereza, na siku ya sita huja kwetu kuogopa kukosea Kiarabu. Si ajabu akichagua kunyamaza pote pawili.

Wala jambo hili si la Mbinga peke yake. Huko Japani, nchi tajiri yenye shule za kila namna, serikali imekuwa tangu mwaka 1987 ikiwaalika vijana wa nchi za nje wasaidiane na walimu kuwasomesha wanafunzi Kiingereza. Lugha ya Kijapani haitenganishi sauti ya "r" na ya "l", na kwa hivyo mwanafunzi wa huko hujikwaa katika maneno mengi ya Kiingereza. Walimu hao wageni wamesimulia mara nyingi kwamba shida yao kubwa si wanafunzi wasiojua, bali ni wanaojua wakanyamaza, kwa kuogopa kukosea mbele ya wenzao. Tofauti ya nchi ni kubwa, lakini mwana wa miaka 15 ni yule yule.

Sasa tutaje machache tuliyojifunza katika kuwasomesha vijana wa umri huu, huenda yakawafaa walimu wenzetu na wazazi.

La kwanza, kicheko hufunga mdomo kuliko fimbo. Sisi watu wa bara, ambao lugha zetu za mama hazina baadhi ya herufi za Kiarabu, hutatizwa sana na qafu na kafu. Na kweli tofauti yake si ndogo: "qul" maana yake ni sema, na "kul" maana yake ni kula, "qalb" ni moyo, na "kalb" ni mbwa. Siku moja kijana mmoja mrefu, aliyeanza chuo akiwa mkubwa, alisoma "kul" mahali pa "qul", na mdogo mmoja akapiga kelele, "Anakula!" Darasa zima likaangua kicheko. Yule kijana alifunga msahafu wake taratibu, na kwa juma tatu hakusoma kwa sauti.

Tangu hapo tumeweka sharti darasani: likitokea kosa, hapana anayecheka na hapana anayetajwa jina. Mwalimu hulisema neno kwa usahihi wake, darasa zima likalirudia mara tatu, kisha msomaji huendelea palepale alipoishia. Kosa hurekebishwa, na mtu hubaki na heshima yake. Na hilo si jambo tulilolizua sisi. Imepokewa na Imamu Muslim kwamba Muawiya bin Al-Hakam As-Sulami alisema maneno ndani ya sala kwa kutojua. Watu walimkodolea macho. Mtume (S.A.W.) hakumkemea wala hakumpiga, bali baada ya sala alimfahamisha kwa upole kwamba sala si mahali pa mazungumzo ya watu, na yule bwana akashuhudia kwamba hajapata kumwona mwalimu bora kuliko yeye. Tena katika Hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, tumefahamishwa kwamba asomaye Qurani kwa ustadi yu pamoja na malaika watukufu, na asomaye kwa kubabaika na kuona uzito ana ujira mara mbili. Basi yule tuliyemcheka ndiye aliyekuwa akiandikiwa ujira maradufu mbele ya macho yetu!

La pili, kijana aanzishwe kwa kile alichonacho. Mwambie kwamba Kiarabu ni bahari asiyoijua, atarudi nyuma. Lakini mwonyeshe kwamba hata neno "bahari" lenyewe limetoka huko, na "samaki" pia, atakutazama. Sisi huwaandikia ubaoni: kitabu, katibu, maktaba. Kisha twawauliza ni herufi gani zimo katika maneno yote matatu, nao huzitoa wenyewe: kafu, tee na bee, ambazo ni asili ya mambo yote ya kuandika. Halafu elimu, mwalimu, maalumu na ulamaa, yenye aini, lamu na mimu, asili ya kujua. Halafu huwaambia watafute asili moja katika Alhamdulillahi, Muhammad, Ahmad, Mahmud na Hamid. Mtoto aitwaye Hamidu akigundua kwamba jina lake limo katika Fatiha, hasahau tena. Mwislamu husali rakaa 17 za faradhi kila siku, na katika kila rakaa imo Alhamdu yenye aya 7. Hapana kitabu cha lugha duniani kinachorudiwa hivyo. Kinachopungua ni kufahamishwa maana.

La tatu, kijana hujifunza lugha apewapo kazi nayo. Zaid bin Thabit (R.A.) alikuwa mtoto wa miaka kama 11 Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina. Mtume akamwamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi, na kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi, haikupita ila nusu ya mwezi naye amekwisha yamudu, akawa ndiye mwandishi na msomaji wa barua hizo. Kijana huyo huyo ndiye aliyekabidhiwa baadaye, katika ukhalifa wa Sayyidna Abubakar (R.A.), kazi tukufu ya kukusanya Qurani. Hakuambiwa ajifunze lugha ili apasi mtihani. Alipewa amana, na aliyepewa amana hujiona mtu.

Nasi tumejaribu kufuata nyayo hizo kwa kadiri yetu. Wakubwa huwapa wadogo watano watano wawasikilize. Mwenye sauti tumempa adhana. Binti mmoja wa miaka 15, ambaye hakuwa akisema neno mbele ya wavulana, tulimpa kazi ya kumsomea bibi yake, aliyepungukiwa na macho, sura ya Yasin kila usiku wa Ijumaa, na baada yake tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, iliyochapwa mwaka 1969. Baada ya miezi michache alitujia na msahafu mkononi, akatuonyesha aya ya 58. Alisema kwamba bibi yake amemwuliza iweje Kiswahili kimo katika Yasin, kwani amesikia humo salamu, kauli, Rabi na Rahimu, na yote anayafahamu. Bibi yule amesoma sura hiyo kwa moyo tangu utoto wake. Siku hiyo ndiyo aliyosikia kwamba inazungumza naye.

Enyi wazazi, twawanasihi msiseme mbele ya kijana, "Mdogo wako amekupita." Mkalisheni nyumbani awasomee, nanyi msikilize hata kama hamjui kusahihisha. Wala msilichanganye jambo hili na haya iliyo katika imani. Haya ya imani humzuia mtu na machafu, haimzuii na elimu, na Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao.

Nanyi vijana, mliokaa nyuma na mlioacha kuja, fahamuni kwamba Nabii Musa (A.S.), aliyesema na Mola wake, aliomba afunguliwe fundo la ulimi wake ili watu wafahamu asemayo, na akaomba ndugu yake Haruni, aliyekuwa fasihi kumshinda, awe msaidizi wake. Hakuona aibu kulitaja fundo hilo, wala hakuacha kwenda kwa Firauni kwa ajili yake. Rudini chuoni. Nafasi zenu zipo, na atakayewacheka atatujibu sisi.

Ewe Mola wetu, tufungulie ndimi zetu na za watoto wetu, utuzidishie elimu yenye manufaa, na uwajaalie walimu wetu upole wa Mtume wako. Amin.