Mtumiaji Akiondoka, Mlango Ufungwe

Kila mwaka unapowadia msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, vijana wa Kibondo na Kasulu hutoka vijijini kwenda mjini kutafuta duka la huduma za kompyuta. Kijana huketi mbele ya mashine iliyokuwa mikononi mwa mtu mwingine dakika chache kabla, akaandika majina ya wazazi wake, namba ya cheti cha kuzaliwa na nywila. Akimaliza hulipa, akawahi gari la kurudi kwao. Ndivyo afanyavyo pia mwenziwe wa Wete au Makunduchi, ambaye cheti chake huhakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Swali letu ni moja: akishaondoka kijana huyo, je, taarifa zake nazo zimeondoka?

Ifahamike kwamba mtandao kwa asili hauna kumbukumbu. Kila ukurasa unaoombwa ni kama hodi ya mgeni mpya. Kwa sababu hiyo mfumo humpa aliyeingia namba ya siri, ambayo huhifadhiwa na kivinjari katika kijifaili kiitwacho kuki, na kumbukumbu yake ikabaki kwenye seva. Ni mfano wa ufunguo na daftari la nyumba ya wageni. Kufunga dirisha la kivinjari si lazima kuwe kurudisha ufunguo. Atakayeketi baadaye anaweza kuukuta mlango wazi, akasoma au hata akabadili fomu, na mfumo ukamdhania kuwa ndiye mwenyewe.

Watu wa Kibondo na Kasulu wanaujua uzito wa jina lililoandikwa. Kambi ya Nyarugusu ilianza kuwapokea wakimbizi wa Kongo mwaka 1996, na ile ya Nduta ikafunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Kwa aliyekimbia ili kuyaokoa maisha yake, jina na mahali alipo si mambo ya kuachwa wazi kwenye kioo cha kompyuta.

Wataalamu wasijitetee kwamba mashine hujisafisha zenyewe. Lugha ya PHP, itumikayo sana kuundia mifumo, kwa mpangilio wake wa kawaida huihesabu kuwa taka kumbukumbu isiyoguswa kwa dakika 24. Lakini ufagio wenyewe haupiti kwa saa maalumu: kila kipindi cha matumizi kinapofunguliwa, kuna nafasi moja tu katika 100 ya kuuamsha. Mfumo wenye watumiaji wachache unaweza kulala na taka hizo usiku kucha.

Wapo watakaoshauri kwamba muda ufupishwe tu. Sisi hatukubaliani nao. Pale ambapo mtandao hukatika mara kwa mara, kumtoa mtu katikati ya fomu ni kumpotezea siku nzima na nauli yake. Dawa ni kutenganisha mambo mawili: fomu isiyokamilika ihifadhiwe ndani ya akaunti ya mwombaji, na mlango ufungwe baada ya kumwonya.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika. Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa taasisi, Bara na Visiwani, wawaulize mafundi wao maswali matatu. Je, mtumiaji akibonyeza kutoka, kumbukumbu hufutwa kwenye seva au kuki peke yake? Je, mlango hujifunga baada ya dakika ngapi za ukimya? Je, ni kazi gani iliyopangwa kufagia masalia, na kwa saa zipi? Asiyeweza kujibu asiruhusiwe kuupokea umma katika mfumo wake.

Nao wenye maduka wawakumbushe wateja kutoka kabla ya kuinuka, na wafute kumbukumbu za kivinjari kila mteja anapomaliza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa kompyuta hahitaji jembe. Anahitaji mwenyeji anayejua kwamba ameshaondoka.