Lengelenge la mtoto wa Rais (Sehemu ya 6)

Mama zangu, tuendelee. Leo twende Ikulu ya Marekani, mwaka 1924. Rais ni Calvin Coolidge. Mwanawe wa miaka 16, naye anaitwa Calvin, alicheza tenisi uwanja wa Ikulu amevaa raba bila soksi. Akatoka lengelenge kwenye kidole cha mguu. Kitu kidogo kabisa. Bakteria wakaingia kwenye damu. Madaktari bingwa wakaitwa, baba ni Rais, lakini tarehe 7 Julai kijana akafariki. Dawa ya kuwaua wale bakteria haikuwepo. Penisilini iligunduliwa London mwaka 1928, na wagonjwa wakaanza kuipata miaka ya 1940.

Nasema bila kupepesa macho: dawa ambayo Rais hakuipata, sisi tunaichezea. Mtoto ana mafua, anapewa amoksilini iliyobaki ya dada yake. Akichangamka siku ya pili, chupa inarudi kabatini. Jamani, mafua ni virusi, antibayotiki haiyatibu! Tunachofanya ni kuwalea bakteria sugu, na siku mtoto akiumwa kweli, dawa itakuwepo mkononi na isifanye kazi.

Najua foleni ya hospitali inachosha na duka la dawa liko jirani. Hata hivyo, mtoto apimwe kwanza. Dozi aliyoandikiwa aimalize. Usimgawie mwingine. Na kidonda kikivimba, kikitoa usaha, au mtoto akipata homa, mlete siku hiyo hiyo, usisubiri kesho.