Muuguzi akisema kosa, asifukuzwe

Wandugu wa Mutoshi, mnakumbuka mambo ya Nairobi, 2018? Kwenye Hospitali ya Taifa ya Kenyatta walimpasua kichwa mgonjwa ambaye hakupaswa kupasuliwa, juu watu wawili walichanganywa. Haraka haraka daktari na wauguzi wakasimamishwa kazi.

Kwetu ni dozi za dawa. Muuguzi akikosea, atasema namna gani? Wengi hawana matrikule, Leta haiwalipi, wanakula primu tu. Akijisema leo, kesho ni barua ya kuomba maelezo, kesho kutwa yuko inje. Basi ananyamaza, na mgonjwa mwingine anachomwa sindano ile ile.

Wakubwa wa hopitali, mbele ya kutafuta wa kufukuza, ulizeni: chupa zinafanana? Usiku muuguzi mmoja anabeba wagonjwa wangapi? Na familia iambiwe ukweli siku ile ile. Mwenye kuiba dawa, huyo ni mambo ingine.