Tausi wa Dhahabu na Kikundi cha Maembe

Leo naomba niweke programu kando kidogo niongee juu ya saa. Si ya mkononi. Ni Saa ya Tausi iliyoko makumbusho ya Hermitage, Saint Petersburg, Urusi. Video zake zimejaa kwenye mtandao, zitafute.

Ni mti uliopakwa dhahabu wenye tausi, jogoo, na bundi ndani ya tundu. Saa yenyewe imefichwa kwenye kichwa cha uyoga. Ikitiwa ufunguo, bundi anapepesa macho huku kengele zikilia, tausi anatandaza mkia na kugeuka, kisha jogoo anawika kama wa kwetu Mutomo. Hakuna umeme wala chipu, ni springi na magurudumu ya meno tu. Nani aanze na nani afuate, yote yamepangwa ndani ya vyuma. Kwangu mimi hiyo ni programu kamili.

Ilitoka karakana ya James Cox, London, ikanunuliwa na Prinsi Grigory Potemkin. Mwaka 1781 ilifika Urusi ikiwa vipande vipande. Aliyeifufua, miaka ya 1790, ni Ivan Kulibin, mtoto wa muuza unga. Huyu hakusoma chuo kikuu. Alijifunza kwa kufungua saa. Mwaka 1769 alikuwa amempa Malkia Catherine saa yake mwenyewe, ndogo kama yai, yenye muziki na vinyago vinavyotembea.

Watu humsifu Cox. Mimi namsifu Kulibin.

Mimi nina digrii ya kompyuta. Lakini kikundi kimoja cha wakulima wa maembe karibu na Wote kiliponiita nitengeneze mfumo wao wa malipo, nilishindwa. Aliyewauzia alikuwa ameacha kupokea simu, msimbo wa programu aliondoka nao, na nywila ya seva alikuwa nayo yeye peke yake. Rekodi za msimu mzima, nani alileta kreti ngapi na anadai kiasi gani, zikapotea. Sasa wamerudi kwenye daftari, na siwalaumu.

Kulibin hakuwa na msimbo wala kitabu cha maelezo, ni kweli. Lakini alikuwa na kitu chenyewe mezani, na bisibisi iliweza kukifungua. Sisi tunanunua vitu visivyofunguka halafu tunaviita maendeleo.

Kwa hiyo, kama uko Kitui au Makueni na unataka kununuliwa mfumo wa chama, shule au zahanati, uliza mambo matatu kabla ya kutia sahihi. Msimbo utakuwa mikononi mwa nani? Data yetu tutaitoaje? Huyu fundi akihama, nani mwingine anaweza kuutengeneza? Akibabaika, weka pesa mfukoni.

Tausi wa Potemkin ana zaidi ya miaka 200 na bado anatandaza mkia. Mfumo wa maembe haukumaliza miwili.