Maji Salama kwa Mtoto, Sehemu ya 4: Tenki Nalo Lina Kliniki Yake

Sehemu iliyopita tuliongea kuhusu kunawa mikono. Leo tunapanda juu ya mnara, kwenye tenki.

Msimamo wangu nauweka mapema, ili asiye na muda aondoke nao: tenki la maji ni chombo cha jikoni kama sufuria. Chombo ambacho mtoto anakula kupitia humo lazima kioshwe, na kuoshwa kwake kuwe na tarehe. Hakuna mama anayepika uji kwenye sufuria ambayo haijaoshwa tangu 2021. Lakini tenki lililojazwa 2021, likapunguzwa, likajazwa tena, mpaka leo halijaona brashi, tunalo, na tunalinywa.

Wodini, mtoto akija anaharisha, moja ya maswali tunayouliza ni: nyumbani mnatumia maji gani? Jibu nalisikia mara nyingi sana: "Sisi hatuna shida nesi, tuna simtanki." Mama anasema kwa kujiamini kabisa. Na simlaumu, maana tumefundishana hivyo. Mwenye tenki ameshavuka, wa kuhangaika ni yule wa madumu. Jamani, tenki linakupa maji siku ambayo bomba halitoi. Basi. Halisafishi kitu.

TUELEWE KWANZA KINACHOTOKEA HUMO NDANI

Maji ya bomba hapa Dar mengi yanatoka mto Ruvu, yanasafishwa mtamboni na kuwekewa klorini. Ile klorini kidogo inayobaki ndani ya maji ndiyo mlinzi wake njiani. Sasa yakifika kwako yakakaa kwenye tenki siku nne, tano, juani, juu ya tope la chini, mlinzi anapungua mpaka anaisha. Mdudu yeyote atakayeingia baada ya hapo hana wa kumzuia.

Na anaingia wapi? Njia ni nyingi.

Kwanza, mgao. Bomba likikaa kavu halafu maji yakarudi, palipo na ufa au kiungo kilicholegea uchafu wa ardhini unavutwa ndani ya bomba. Ndiyo maana maji ya kwanza yanatoka kama chai ya maziwa. Hayo usiyaingize tenkini. Yakinge kwenye ndoo, dekia, mwagia chooni, mpaka yatoke meupe ndipo ufungulie tenki.

Pili, mpira wa kujazia. Mpira uleule unaosafishia banda la kuku, unaolala kwenye matope, ndio tunaochomeka kwenye tenki boza likija. Mpira wa maji ya kunywa uwe wa peke yake, uning'inizwe, na ncha yake ifungwe.

Tatu, mfuniko. Upepo uliupeleka mwaka juzi, tukaweka kipande cha bati na tofali juu. Mjusi anaingia, kinyesi cha ndege kinaingia, na mbu anataga. Yule mbu wa dengue anapenda maji yaliyotulia karibu na nyumba, na anauma mchana, kwa hiyo neti ya usiku peke yake haikutoshi. Tuliopitia dengue ya 2014 na ya 2019 hapa mjini hatuhitaji kukumbushwa.

Nne, maji yenyewe. Ya kisima kirefu mara nyingi hayajawekewa klorini kabisa. Ya mvua yanaosha bati kwanza, na juu ya bati kuna vumbi na mavi ya ndege, kwa hiyo mvua ya mwanzo iache ipite. Maji kuwa meupe si cheti. Vijidudu vya kuharisha na vya kipindupindu havionekani kwa macho.

Halafu chini ya tenki kuna lile tope laini, na ukutani kuna utelezi. Ukiona utelezi ujue vijidudu wamejenga humo, wana nyumba na mji. Unaweza kujaza maji safi kabisa leo, yakachafukia humo humo.

"MBONA SISI TUMEKUNYWA NA HATUKUFA?"

Hili litakuja kwenye komenti, kwa hiyo nalijibu kabisa. Wewe mtu mzima ukiharisha siku mbili unakunywa maji, unaendelea na kazi. Mtoto wa miezi tisa mwili wake ni mdogo, akiba yake ya maji ni ndogo, anaweza kukaukiwa ndani ya saa chache. Akiharisha mara kwa mara, hata asipolazwa, chakula unachomlisha kinapita tu, uzito kwenye kadi unakwama. Mama anabadilisha lishe, anaongeza karanga, anaongeza dagaa, kumbe tatizo liko juu ya mnara.

Na kuhusu "hatukufa", tunaosema hivyo ni tuliobaki.

NANI AOSHE?

Hapa ndipo nina neno zaidi. Tumezoea kwamba maji ni kazi ya mama. Mama achote, mama achemshe, mtoto akiumwa mama ndiye anayeulizwa "ulimpa nini?" Lakini tenki liko mita kadhaa juu, kwenye mnara wa chuma, ngazi ni ya kuazima. Tenki ni kazi ya baba. Si kusaidia, ni kazi yake, kama anavyofuatilia gari lisipitilize tarehe ya servisi. Baba anayekumbuka kumwaga oili ana uwezo wa kukumbuka kuosha tenki.

Kwa wapangaji, ninyi ndio wengi. Nyumba ina familia tano, tenki moja, na kila mmoja anasubiri mwenye nyumba. Mwenye nyumba yeye anasubiri kodi. Mimi naona hivi: kuosha tenki iwe sehemu ya makubaliano tangu siku ya kuingia, kama mnavyokubaliana umeme na hela ya taka. Mkishindwana, changeni wenyewe. Gharama ya klorini ukigawanya kwa familia tano ni kidogo kuliko nauli ya kumpeleka mtoto mmoja hospitali na kurudi. Na kama una nyumba ya kupangisha na unasoma hapa, dada, kaka, unapokea kodi ya watu wenye watoto. Panda ukaangalie.

JINSI YA KUOSHA

Nimeandika kwa tenki la lita 1,000. La kwako likiwa la 2,000, zidisha mara mbili.

1. Subiri maji yapungue, funga bomba linaloingiza, toa yaliyobaki mpaka chini kabisa pamoja na tope.

2. Sugua ukuta na sakafu kwa brashi ya mpini mrefu na maji. Usitumie brashi ya choo wala sabuni ya unga yenye harufu kali. Suuza, mwaga.

3. Jaza maji safi robo, weka dawa, halafu jaza mpaka juu ili dawa ichanganyike. Ukitumia JIK ya kawaida isiyo na manukato, ile iliyoandikwa asilimia 3.5, weka lita moja na nusu. Ukitumia klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 70, gramu 80 zinatosha. Ikoroge kwanza kwenye ndoo ya maji.

4. Fungua kila bomba ndani ya nyumba mpaka usikie harufu ya klorini, ndipo ufunge. Hatua hii inarukwa sana. Ukiosha tenki ukaacha mabomba, umeosha chupa ukaacha chuchu.

5. Acha saa 24. Siku hiyo hakuna kunywa wala kupikia maji hayo. Waambie watu wote wa nyumba, hata dada wa kazi, hata mgeni, na kinga maji ya kutumia mapema.

6. Mwaga yote kupitia mabomba. Hayo yanafaa kuoshea choo na sakafu, usiwape kuku wala kumwagia mchicha. Jaza maji mapya. Harufu ndogo ikibaki haina shida, ikiwa kali suuza tena.

Tahadhari mbili, na hapa sina utani.

Usichanganye JIK na dawa ya choo yenye asidi, wala kitu chochote kingine. Inatoka hewa yenye sumu inayounguza mapafu.

Na usimwingize mtoto ndani ya tenki asugue "kwa sababu yeye ndiye anayepenya". Nimelisikia hili likisemwa kama jambo la kawaida. Ndani mna joto, hewa ni finyu, na mvuke wa klorini haujali umri. Ukishindwa kufika kwa brashi kutoka juu, ita fundi anayefanya kazi hiyo. Tenki la chini ya ardhi usiingie kabisa, hata wewe mtu mzima.

Mara ngapi? Mimi nashauri kila miezi sita, na kila miezi mitatu kama maji yako huja na tope. Chukua rangi au kalamu isiyofutika, andika tarehe ubavuni mwa tenki. Mtoto ana kadi ya kliniki, kila mtu nyumbani anajua tarehe ya kurudi. Tenki nalo liwe na kadi yake, pale pale ubavuni, mwenye nyumba aione, jirani aione.

TENKI SAFI, LAKINI MAJI YA KUNYWA BADO

Usinielewe vibaya. Kuosha tenki hakufanyi maji yake yawe ya kunywa moja kwa moja. Ya kunywa bado uyatibu.

Ukichemsha, yakishatokota kwa mapovu makubwa, dakika moja inatosha. Ile ya kuacha nusu saa ni kuchoma mkaa na gesi bure, na ndiyo inayofanya mama achoke, aache kabisa. Yaache yapoe kwenye chombo hicho hicho kilichofunikwa.

Ukitumia vidonge vya klorini kama WaterGuard, fuata kipimo cha kwenye pakiti na subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Shabu inatuliza tope lakini haiui vijidudu, kwa hiyo baada ya shabu bado uchemshe au uweke kidonge.

Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya hahitaji maji hata tone, hata kwa joto la Dar la Januari. Maziwa yako yana maji yote anayohitaji. Kama kwa sababu za kiafya anatumia maziwa ya kopo, koroga kwa maji yaliyochemshwa na bado ya moto sana, yasishuke chini ya nyuzi 70, halafu poza chupa ndiyo umpe. Ule unga wa kopo wenyewe si kitu kisicho na vijidudu.

Na mtoto akiharisha: ORS, pakiti moja kwenye lita moja ya maji salama, kidogo kidogo kwa kijiko, zinki kwa siku 10 hadi 14 kama ulivyoelekezwa, endelea kumnyonyesha na kumlisha. Ukiona macho yameingia ndani, analia bila machozi, amelegea, hataki kunywa, anatapika kila kitu, au kinyesi kina damu, usisubiri asubuhi. Njoo hospitali.

KAZI YA WIKIENDI HII

Jumamosi baba apande na tochi, afunue mfuniko, apige picha ya ndani. Msioshe kwanza, angalieni tu pamoja, wewe na yeye. Halafu uniwekee kwenye komenti: mfuniko upo au ni bati na tofali? Mara ya mwisho lilioshwa lini? Ukijibu "sijui" tupo pamoja, utakuta wenzako wengi. Mpangaji mwenye mwenye nyumba mgumu aandike pia, tupeane mbinu za kuongea naye.

Sehemu ya 5 tutaingia ndani: ndoo ya maji ya kunywa, kikombe kinachochovywa na kila mkono wa nyumba, na kwa nini ndoo yenye koki ni rafiki wa mama. Mtumie post hii mama mwenzako mwenye simtanki mpya, kabla haijawa ya zamani.

Nesi wenu.