Wimbi Kubwa la Bahari: Je, Laweza Kujulikana Kabla?



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, alitujia mama wa kijana mmoja aliyehitimu Msahafu katika madrasa yetu hapa Shinyanga. Kijana amepata nafasi ya kusoma chuoni Tanga. Baba yake, ambaye yuko Geita katika kazi za dhahabu, ameridhia. Mama amekataa katakata. Sababu ni habari aliyoletewa kwenye simu kwamba bahari itapanda na kuzimeza Tanga na Dar es Salaam, na siku yenyewe imetajwa. Akatuuliza, "Maalim, nimtoe mwanangu mwenyewe akafe maji?"

Usiku ule hatukumjibu. Sisi ni watu wa nchi kavu, na elimu yetu ni ya juzuu na ubao. Hatukupenda kusema neno juu ya bahari kabla ya kusoma na kuuliza. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Wimbi hili huitwa tsunami, neno la Kijapani lenye maana ya wimbi la bandarini. Halifanani na mawimbi ya kila siku, ambayo husukumwa na upepo na hucheza juu juu tu. Hili hutoka chini. Ganda la ardhi limegawanyika vipande vikubwa, na penginepo kipande kimoja huzama chini ya kingine polepole sana. Vipande hivyo hukwama, vikakaa vimebanana miaka mingi, mpaka siku moja hufyatuka. Hapo sakafu ya bahari huinuka au kushuka kwa ghafula, na maji yote yaliyo juu yake huenda nayo. Wasomaji wetu wa Geita waliotazama watu wakiosha dhahabu watafahamu upesi: tia maji katika karai, kisha ligonge kwa chini, uone maji yanavyoruka mpaka ukingoni. Maporomoko ya ardhi na milima ya moto pia yaweza kuleta jambo hili, kama Krakatau mwaka 1883, ambapo watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi wao kwa mawimbi.

Katika bahari yenye kina cha mita 4,000, wimbi hili hwenda kilomita zipatazo 700 kwa saa, kama ndege. Tena huko kilindini ni fupi, na mwenye chombo aweza kupitiwa nalo asitambue. Likikaribia pwani ndipo mwendo hupungua na maji hurundikana yakapanda juu.

Wengi wenu mwaikumbuka Jumapili ya tarehe 26 Desemba, 2004. Karibu na saa kumi za usiku kwa saa zetu, kabla ya adhana ya alfajiri, sakafu ya bahari ilipasuka karibu na Sumatra kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, kwa tetemeko la kipimo cha 9.1. Walikufa watu zaidi ya 220,000 katika nchi nyingi, na walioumia kupita wote ni ndugu zetu wa Aceh. Wimbi likavuka bahari yote mpaka kwetu. Somalia, hasa Hafun, lilikwenda na roho nyingi. Kenya alikufa mtu mmoja. Tanzania walikufa watu wapatao kumi, wengi wao vijana waliokuwa wakioga pwani. Sisi tulisaidiwa na umbali, na pia maji yalikuwa yamekupwa.

Angalieni basi jambo lenye uchungu. Toka tetemeko lile mpaka wimbi kufika Afrika Mashariki ulipita muda wa saa nane hivi. Mtu angeweza kuondoka Dar es Salaam asubuhi, akafika Morogoro na kunywa chai. Lakini Bahari ya Hindi haikuwa na utaratibu wa kupeana habari, ingawa Bahari ya Pasifiki ilikuwa nao tangu miaka mingi. Kenya baadhi ya fukwe ziliondolewa watu kwa sababu habari zilitangulia. Baada ya msiba ule mataifa yalijenga utaratibu wao, na tangu 2011 vituo vya Australia, India na Indonesia hutoa ilani; kwetu hupokewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Sasa, je, laweza kutabiriwa? Hapa yapasa kutenganisha mambo mawili. Siku na saa ya tetemeko hapana mtaalamu yeyote duniani awezaye kuitaja. Kwa hiyo ile habari ya kwenye simu, iliyotaja tarehe, ni uwongo, na aliyeipeleka kwa wenzake bila ya kuuliza amekosa. Lakini tetemeko likisha kutokea, mashine hulijua kwa dakika chache, na saa ya wimbi kufika kila pwani huweza kuhesabiwa. Hata hivyo si kila tetemeko kubwa huzaa wimbi kubwa. Tarehe 11 Aprili, 2012, ardhi ilitetemeka tena karibu na Sumatra kwa kipimo cha 8.6, ilani ikatolewa, kisha ikafutwa, kwa kuwa safari ile vipande vilisuguana kwa ubavu na sakafu haikuinuka sana. Baadhi ya watu walicheka. Sisi hatuoni la kuchekesha. Afadhali kukimbia bure mara kumi.

Wako waliotuambia kwamba kusikiliza ilani hizi ni kudai kujua ghaibu. La. Aonaye moshi akasema pana moto hakudai ghaibu. Wako pia waliosema kwamba watu wa Aceh waliadhibiwa. Nani aliyewapa habari hiyo? Sisi tumefundishwa kwamba Muislamu afaye kwa kuzama huhesabiwa miongoni mwa mashahidi, na hilo ndilo tunalowasomea wanafunzi wetu.

Kisiwa cha Simeulue kiko karibu kabisa na mahali tetemeko lile lilipoanzia. Wazee wa huko walipigwa na wimbi mwaka 1907, wakawasimulia watoto wao, na watoto wakawasimulia wajukuu: ardhi ikitikisika sana, na bahari ikirudi nyuma, kimbilieni mlimani. Mwaka 2004 kisiwa chenye watu zaidi ya 70,000 kilipoteza watu saba tu. Hawakuwa na mashine. Walikuwa na bibi zao.

Vijana wa Geita wameuliza kama Ziwa Viktoria laweza kufanya hivyo, au kama baruti za migodini, zitikisazo kuta za nyumba, zaweza kuliamsha. Ziwa letu lina kina cha mita zipatazo 80 tu, na chini yake hapana vipande vizamavyo kama huko Sumatra. Tarehe 10 Septemba, 2016, Bukoba ilitetemeka kwa kipimo cha 5.9, nyumba zilianguka na watu wasiopungua 17 walikufa, lakini ziwa halikutoka mahali pake. Nguvu za Sumatra zilizidi zile kwa zaidi ya mara 60,000. Baruti haitajwi hapo. Wakaao kandokando ya ziwa waogope zaidi dhoruba na mitumbwi iliyojaa kupita kiasi.

Tulimwita yule mama pamoja na mwanawe. Tukamfundisha kijana dalili: mtikisiko mkubwa au wa muda mrefu, maji kukauka ghafula pwani, mngurumo utokao baharini. Akiona mojawapo, akimbie mahali pa juu, asisimame kuokota samaki, wala asirudi baada ya wimbi la kwanza, kwani yafuatayo huweza kuwa makubwa zaidi. Na ajue kwamba mtikisiko wa Sumatra hauhisiki kwetu, basi asikilize redio. Mama alimtaka ayarudie yote mara tatu, kama arudiavyo sura. Kisha akatuuliza chuo kile kiko umbali gani na bahari. Tukamwambia kijana atampigia simu atakapofika.