Alama za Penseli na Haki ya Fundi



Mwaka uliopita, siku chache kabla ya mfungo wa Ramadhani, kamati yetu ilimwajiri fundi seremala atandike sakafu ya mbao za mninga kwenye baraza la madrasa. Mbao hizo zilikuwa sadaka ya familia moja kwa ajili ya mzazi wao aliyetangulia mbele ya haki. Fundi alipima, akachora mistari kwa penseli, akakata na kufunga. Alipoomba siku moja zaidi apige msasa kabla ya vanishi, tulimkatalia, kwani tulitaka watoto waingie upesi. Vanishi ilipokauka, kila mstari na kila tarakimu vilionekana wazi. Tukamlaumu mbele ya jamaa baada ya Swala ya Alasiri, na tukazuia sehemu ya ujira wake.

Kinachoandika ndani ya penseli ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Haipauki kwa jua, wala haiyeyuki ndani ya vanishi. Vanishi isiyo na rangi huifungia chini yake, na hapo hapana dawa ila kukwangua vanishi yenyewe.

Kabla ya kupaka, kazi ni nyepesi. Alama hafifu hufutwa kwa raba nyeupe laini. Raba ya rangi huweza kuacha doa. Kisha hupigwa msasa namba 120 uliozungushiwa kipande cha ubao, kwa kufuata mkondo wa nyuzi za mbao. Upigwe ubao mzima, si penye alama pekee, maana sehemu iliyosuguliwa peke yake hubonyea na kunywa vanishi tofauti na jirani yake. Hatimaye vumbi lote lifutwe. Wapo mafundi wanaotumia spiriti. Sisi tuliiacha, kwa kuwa wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu tohara yake, nayo hushika moto kwa haraka. Penseli ya kopi isitumike kabisa, kwani ikipata maji hugeuka zambarau na kuzama ndani ya mbao. Lililo bora ni kuchora kwa mkono mwepesi, na kila inapowezekana upande wa chini usioonekana.

Hayo yote fundi aliyajua. Siku aliyoiomba ilikuwa kwa ajili ya hayo, nasi ndio tuliomnyima. Tunahubiri mimbarini mafundisho ya Mtume (s.a.w.) ya kuharakisha ujira wa mfanyakazi, ilhali ujira wa mtu tulikuwa tumeuzuia kwa kosa letu wenyewe.

Tulimwita, tukamlipa kilichobaki, na tukamwomba radhi mbele ya jamaa wale wale waliosikia lawama zetu. Kisha tukampa kazi ya kukwangua na kupaka upya, kwa ujira mwingine na kwa siku alizozitaja yeye. Gharama hiyo hatukuitoa katika fedha za wakfu, tulichangishana wanakamati.

Basi anayejenga au kukarabati, awe msikitini au nyumbani kwake, amsikilize fundi anapoomba muda. Na kabla ya kukata ujira wa mtu, ajiulize kwanza ni nani aliyeharakisha kazi.

Mwenyezi Mungu atujaalie ihsani katika kazi zetu, na atusamehe tulipodhulumu. Amin.